Kila tiketi ya baba mdogo, mbegu ya tangawizi: nilichoshuhudia Mamba, Same

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini jana nimepitia ule uzi wa mdau anayeuliza kama bahati nasibu inalipa, nikaona watu wanatukanana mpaka wamesahau swali lenyewe. Nikasema ngoja na mimi nitoe nilicho nacho.

Hiki ni kisa cha kweli. Sijasimuliwa na mtu, nimekiona nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo hai, wana afya njema, na mmoja wao ana simu janja.

Nisiwachoshe, twende kazi.

Mimi ni wakala. Nina kibanda Mamba, huku milimani Same, kwa wakulima wa tangawizi. Natoa na kuweka pesa, nauza vocha, nachaji simu, na nina kile kimashine cha kuuzia tiketi za bahati nasibu. Tiketi moja ni buku, yaani shilingi elfu moja. Unachagua namba zako au unaiachia mashine ikuchagulie, karatasi inatoka, unaikunja unaondoka.

Nyie mnaotutania kwamba Mpare haachii hela, siku moja njooni mkae na mimi kibandani. Kuna mtu anabishana na mimi kuhusu makato ya kutoa pesa mpaka foleni inalalamika, halafu akishazipata hizo hela ananunua tiketi mbili bila hata kuuliza swali.

Bodaboda wananunua, mafundi wananunua, walimu wananunua. Kuna mama mmoja namba zake zote ni za nyimbo zilizoimbwa kanisani wiki hiyo. Kuna kijana anacheza namba za lori lililokuja kubeba tangawizi.

Na wote wana ugonjwa mmoja. Wakikosa kwa namba moja wanakuja wamefurahi kuliko waliokosa kabisa. "Aisee, nimeikosa padogo!" Halafu wanaongeza nyingine.

Buku haiumi, ndiyo tatizo lake. Mwambie mtu akupe laki tatu na ushee kwa mkupuo kila mwaka, atakuitia mgambo. Lakini buku buku kila siku anakupa huku anakuchekea, na mwisho wa mwaka ni ile ile.

Sasa katika wateja wangu yupo baba mdogo wangu, nimwite Elisante.

Msimfikirie vibaya. Si mlevi, si mvivu, mikono yake imekomaa kwa jembe. Alikuwa na ndoto moja tu: kununua guta, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, ili asiwe anawalipa bodaboda kwa kila gunia linalotoka shambani. Kwa hesabu zake, guta lingetoka kwenye jackpot.

Kila siku tiketi moja. Siku ya kuuza tangawizi, tatu au nne.

Na kingine mkijue mapema kuhusu baba mdogo, maana bila hicho kisa hiki kisingekuwepo: hajui kudanganya. Ukimuuliza kitu anakujibu kilivyo, hata kama jibu linamuumiza mwenyewe. Nimejaribu kumfundisha biashara nikashindwa kwa sababu hiyo.

Mke wake, mama mdogo Nakunda, ndiye ninayetaka mumjue.

Msimu mmoja wakati wa kupanda ulifika, hela ya mbegu haikutosha. Mbegu ya tangawizi ni tangawizi yenyewe, unanunua kwa kilo, na inakula hela kweli. Wakapanda shamba la juu tu. Shamba la chini, lile zuri lenye maji ya mfereji, likabaki tupu.

Jirani mmoja mwenye uwezo akaanza kulizungukia. Alitaka kulikodi kwa miaka kadhaa. Huku kwetu ukimkodishia mwenye hela shamba la maji, ujue umeliaga, maana miaka ikiisha utakuwa unadaiwa kitu kingine na atakuongezea mkataba.

Baba mdogo, kwa ule ukweli wake, akampa neno: "Msimu ujao nikishindwa kulipanda lote, chukua."

Mama mdogo alilia siku hiyo. Najua kwa sababu alikuja kibandani macho mekundu. Nikajua leo nimekwisha, kimashine changu kinavunjwa mbele za watu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hivi hii tiketi ni shilingi ngapi?"

"Buku, mama mdogo."

"Na haipandi bei?"

"Haipandi wala haishuki."

Akatikisa kichwa, akanunua kiberiti, akaondoka.

Kumbe jioni hiyo aliongea na mumewe. Hakugomba. Alimwambia hivi, na hili nimelisikia kwa wote wawili: sikukatazi tiketi, ila kila utakayonunua, na mimi unipe bei yake. Tiketi moja, buku yangu. Nne, nne zangu. Nitakuuliza kila jioni, na wewe utanijibu.

Baba mdogo akaona amepona kirahisi mno. Akakubali huku anacheka.

Kesho yake mama mdogo akaichukua buku yake, akaenda kwa mkulima mwingine kununua vipande vichache vya mbegu, akavipanda kwenye shamba la chini, ukingoni kabisa, kando ya njia. Keshokutwa tena, akaendeleza pale alipoishia. Maji ya mfereji yapo, kwa hiyo hakusubiri mvua.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mkulima gani anapanda tangawizi kiganja kimoja kimoja?

Ila ile njia ndiyo tunayopita wote siku ya msaragambo. Kwa wasiojua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Wiki hii mnasafisha mfereji, wiki ijayo mnatengeneza barabara, na usipotokea unatozwa faini. Kwa hiyo kila wiki kijiji kizima kilipita kando ya lile tuta, na kila wiki lilikuwa limerefuka.

Wanawake wakamuuliza. Akawaambia ukweli bila kumsema mumewe vibaya. "Hizi ni tiketi za Baba Naomi. Zake zinakaa mfukoni, zangu zinakaa hapa."

Wakuu, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Fikirieni picha yenyewe. Mwanzo wa tuta majani yamefika magotini, katikati yamefika kwenye kifundo, mwisho ndiyo kwanza yanachungulia udongoni. Na zile siku alizonunua nyingi, pamenenepa. Watu walikuwa wanalisoma wakipita. "Hapa Elisante aliuza magunia." "Hapa aliumwa, naona hakutoka nyumbani."

Mimi nimeuza tiketi miaka, nimeona karatasi za kukosa zikitupwa mlangoni kwangu mpaka nikanunua ndoo ya taka. Lakini sikuwahi kuona kwa macho mtu mmoja anatumia kiasi gani. Pale nililiona. Unatembea pembeni yake na bado halijaisha.

Baba mdogo alianza kwa kucheka na wenzake. Baadaye akawa anazunguka kwa juu ili asipite pale. Lakini hakuacha kununua, na hakuacha kumlipa mkewe. Jioni akiulizwa "ngapi leo?" alijibu. Kuna siku alinunua tatu akijua kabisa angeweza kusema moja. Alisema tatu.

Ilifika mahali akachoka na utani, siku moja akiwa kibandani kwangu akamjibu fundi mmoja kwa hasira: "Kwani tangawizi siyo kamari? Unalima miezi yote hiyo, dalali anakuja anakutajia bei anayotaka. Afadhali mimi kamari yangu matokeo yanatoka siku hiyo hiyo!"

Tuseme ukweli, hapo alikuwa na hoja.

Sasa sikieni kilichotokea.

Jamaa akashinda.

Laki tano! Siyo jackpot, ila laki tano taslimu, meseji iliingia akiwa amesimama mbele yangu. Alinikumbatia kupitia dirisha la kibanda mpaka vocha zikaanguka. Akanunulia soda kila aliyekuwepo. Habari zikafika mpaka kwa wenzetu wa Myamba kabla soda hazijaisha.

Na hapo ndipo alipokumbuka tuta. Akatangaza mbele za watu kwamba siku ya msaragambo, wote wakirudi kutoka mferejini, mama mdogo achimbe tangawizi yake, dalali aipime, ijulikane nani mjanja. Mama mdogo aliposikia akasema tu, "Sawa."

Siku hiyo ilijaa watu. Tuta sehemu kubwa lilikuwa limekomaa. Wakachimba, na tangawizi ilikuwa nzuri, nene, imekaa vizuri. Mimi moyoni nilikuwa upande wa mama mdogo waziwazi, ingawa mteja wangu ni baba mdogo.

Dalali akaja na mizani yake. Akapima, akapiga makadirio hata ya ile iliyobaki ardhini.

Halafu akataja bei.

Wakuu, bei ilikuwa imeporomoka wiki hiyo. Mizigo ilijaa sokoni mjini, malori yalikuwa yanarudi na mizigo yake. Kilo ilikuwa imeshuka mpaka ukiuza unajisikia aibu. Tuta zima, kwa bei ile, halikufika hata laki tatu.

Watu wakapiga kelele. Vijana wakambeba baba mdogo juu juu. Jirani anayelitaka shamba alikuwepo pia, amesimama mikono nyuma, anatabasamu.

Niliumia sana, sifichi. Nilitamani kimashine changu kiharibike.

Mama mdogo akafuta mikono kwenye kanga. Akamfuata mumewe pale alipokuwa, akampa mkono. "Umeshinda, Baba Naomi. Hongera."

Alisema kwa moyo mweupe, wala si kwa kejeli. Nimeona watu wengi wakishinda na wengi zaidi wakikosa, ni kazi yangu. Sijawahi kumwona mtu akishindwa vizuri namna ile.

Halafu akamuuliza, "Makubaliano yetu yanaendelea?"

Baba mdogo, akiwa bado mabegani mwa watu, akapaza sauti: "Yanaendelea!"

"Haya."

Dalali akauliza kama apakie. Mama mdogo akakataa. Akasema kwa bei hiyo hauzi, hiyo inakuwa mbegu. Akaibeba na wanawake wenzake mpaka nyumbani, akaitandaza kivulini, akaifunika kwa majani ya migomba isubiri kuchipua.

Mimi bado sikuwa nimeelewa, na nadhani hakuna aliyeelewa zaidi yake.

Mnajua mtu akishinda mara moja anakuwaje. Baba mdogo aliamini sasa mkono wake umefunguka. Zile laki tano akaanza kuzirudisha kwenye kimashine: tano kwa siku, saba kwa siku, siku nyingine kumi. Nilimwambia, "Baba mdogo, punguza." Akaniambia nimwonee wivu mtu mwingine.

Lakini jioni, ngapi leo? Kumi. Na mama mdogo anahesabiwa buku zake kumi mkononi.

Sasa tafuteni daftari la akilini. Tiketi ni buku ile ile, haipandi wala haishuki. Lakini tangawizi imeshuka! Ile buku iliyokuwa inanunua kiganja kimoja cha mbegu, sasa inamjazia kikapu. Wakulima wamekwama na mzigo, dalali hataki, mama mdogo anapita nyumba kwa nyumba ananunua, na watu wanamshukuru.

Ile bei iliyomshinda mbele ya kijiji ndiyo iliyokuwa inamjazia ghala.

Nilipoligundua hilo nilikuwa nahudumia mteja, nikamrudishia chenji ya ziada. Huyu mama hajawahi kuniomba niache kumuuzia mumewe. Hajawahi kwenda kwa mchungaji wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Alisimama upande wake wa makubaliano, akasubiri.

Laki tano zikaisha kabla ya mvua. Nusu imo kwenye mashine, karibu nusu imo kwenye ghala la mama mdogo, na kidogo kilichobaki tulikinywa kwa soda.

Mvua ziliponyesha, mama mdogo akatoka na mbegu zake. Wanawake wa kikundi chao wakaja na majembe kumsaidia. Na mimi nikafunga kibanda nikaenda, nimejipa likizo mwenyewe.

Wakavunja vipande, kila kipande na macho yake, wakapanda kuanzia ukingoni. Baba mdogo naye alikuwepo, analima mbele yao. Mchana shamba la chini lilikuwa limejaa karibu lote.

Karibu lote. Pale kwenye pembe ya chini mbegu ziliisha. Palibaki kipande cha kama upana wa chumba.

Na neno alilompa jirani lilikuwa "lote". Wote tuliokuwepo tulilijua hilo.

Baba mdogo akasimama akapatazama. Akaingiza mkono mfukoni akatoa noti ya buku. Mimi naijua buku ile, saa zile ndiyo saa zake za kuja kwangu. Akamfuata mama mdogo akampa. "Chukua, ongeza mbegu."

Mama mdogo hakupokea.

"Leo umenunua tiketi ngapi?"

"Sijanunua."

"Basi hiyo siyo yangu. Tulikubaliana tiketi."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha. Jamaa alibaki pale matopeni na noti yake mkononi, hajui aipeleke wapi. Akanitazama mimi. Kimashine nilikuwa nimekiacha kibandani, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Baada ya muda akageuka kwa wale wanawake. "Nani ana mbegu ya kuniuzia mimi?"

Mama mmoja aliyekuwa na kapu lake pembeni akasema anayo. Baba mdogo akampa buku, akapokea kapu, akapiga magoti kwenye ile pembe. Alipanda peke yake, hakuna aliyemsogelea kumsaidia, wala mkewe. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza hapakuwa na sehemu ya kuweka mguu.

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, amegeukia upande mwingine, anajifuta uso kwa kanga. Safari hii sikuogopa macho yake mekundu.

Yule jirani alipokuja kulidai shamba, baba mdogo akampitisha pembe zote nne za shamba, akamrudisha barabarani, wakaagana kwa heshima.

Ndiyo hivyo wakuu.

Mtaniuliza tangawizi imeuzwa bei gani. Haijachimbwa, bado iko ardhini, na bei itakayokuwepo sijui. Inaweza ikaporomoka tena. Mama mdogo anasema ikiporomoka ataipanda tena, maana tangawizi iliyokosa bei bado ni mbegu. Mimi kwenye ndoo yangu ya taka zimejaa tiketi zilizokosa, na sijaona mtu akija kuomba hata moja akaipande.

Baba mdogo ameacha? Hapana, nisiwadanganye. Huja mara moja moja, anachukua moja. Akitoka kwangu anapitia kwa wauza mbegu bila kuulizwa na mtu.

Na mimi bado nauza tiketi, ndiyo riziki yangu, wenye mawe rusheni.

Kuhusu lile swali la kama inalipa: ilimlipa baba mdogo laki tano, nimezishika mwenyewe. Lakini kama asingekuwa mtu wa kusema kweli jioni nyumbani kwake, leo shamba la chini lingekuwa la jirani na laki tano zingekuwa hadithi. Namheshimu sana mama mdogo kwa akili ile na uvumilivu ule. Ila kila nikikumbuka ile siku aliyosema "tatu" wakati angeweza kusema "moja", namheshimu na yeye.

Kwa hiyo wadau mnaocheza, sitaki kujua umeshinda mara ngapi, hizo tunazisikia kila siku. Niambieni hili moja tu kwenye comment: jana ulinunua ngapi, na uliyelala naye nyumba moja anajua?